Kumaliza ni Lini?

Eringeti iko kwenye Barabara ya Taifa namba 4, kilomita zipatazo 60 kaskazini mwa mji wa Beni, karibu na mpaka wa Ituri. Ukitoka Beni unapita Mbau na Oicha kabla ya kufika kwetu. Ukiendelea unakwenda Luna, kisha Komanda. Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 12, na mahali tulipopapenda watoto wa pale palikuwa kibanda cha mbao chenye televisheni moja, jenereta ndogo na mashine ya michezo iliyoigizwa kutoka ile ya Nintendo. Mwenye kibanda tulimwita Papa wa Mashine. Alilipisha faranga 100 kwa dakika 10. Esansi aliinunua kwa chupa, na jenereta haijui kama mtoto anacheza vizuri au vibaya.

Bei hiyo ndiyo iliyotuingiza kwenye mbio. Kaseti tuliyoipenda ilikuwa Super Mario Bros., mchezo uliotolewa mwaka 1985. Una dunia 8, na kila dunia ina ngazi 4, jumla ngazi 32. Hakuna mtoto angeweza kuzipita zote kwa dakika 10. Lakini ngazi ya pili ya dunia ya kwanza ina siri: ukipanda ukatembea juu ya dari hadi mwisho, unakuta mabomba matatu, na moja linakupeleka dunia ya nne. Katika ngazi ya pili ya dunia hiyo ya nne kuna mmea uliofichwa ndani ya tofali. Ukiupanda, unafika kwenye bomba la dunia ya nane. Hivyo ngazi 32 zinakuwa 8. Aliyezijua njia hizo aliweza kufika kwenye daraja la mwisho, pale anaposimama yule kobe mwenye pembe tuliyemwita Joka, na kugusa shoka linalokata daraja kabla Papa wa Mashine hajanyoosha mkono kuzima.

Hatukujua kwamba mambo hayo yana jina. Leo najua kwamba duniani kote wapo watu wanaoumaliza mchezo wa video kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, wanaita spidirani, na wana taratibu zilizoandikwa kwa makini kama vifungu vya sheria. Sisi tulikuwa na simu moja ya vitufe yenye saa ya kupimia muda, na makelele.

Ugomvi wa kwanza ulihusu kuanza. Papa wa Mashine alihesabu dakika zake tangu alipopokea pesa. Mchezaji alitaka ahesabiwe tangu Mario aliposimama kwenye kioo, kwa sababu kaseti zilikuwa na vumbi, na wakati mwingine ilibidi kuitoa, kuipuliza na kuirudisha mara tatu. Halafu mmoja wetu akasema hatuhitaji simu, kwani mchezo wenyewe una saa: pale juu kulia pana namba inayoanzia 400 na kushuka. Tulifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu tuliilinganisha na simu, tukaona kwamba 100 za mchezo zinakwisha kwa sekunde 40 tu. Kilichoitwa muda kwenye kioo hakikuwa sekunde zetu, na zaidi ya hapo kilianza upya kila ngazi. Watu wa kwetu hawapaswi kushangaa. Anayevuka Kasindi kwenda Mpondwe upande wa Uganda anakuta saa zimekwenda mbele kwa saa nzima, ilhali jua ni lilelile. Swali la "ilikuwa saa ngapi" halijibiki kabla ya kusema saa ya nani.

Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilipewa daftari. Wakaanza kuniita Mwalimu, nami nikalipenda jina hilo kupita kiasi. Niliandika sheria tatu kwenye jalada la ndani, kwa Kiswahili bora, kile cha Biblia na cha shule:

1. Saa inaanza Mario anapoonekana amesimama.

2. Asiyepita kwenye mabomba aandikwe ukurasa wake.

3. Saa inasimama mchezaji anapomaliza.

Sheria ya pili ilitokana na kijana mmoja ambaye shangazi yake alikuwa na shamba la kakao. Msimu wa kakao alikuja na faranga 500, akacheza ngazi zote 32 bila kuruka hata moja, kisha akasema sisi wengine hatujawahi kuumaliza mchezo, tumeukwepa. Wengine walimcheka: aliyefika kwa Joka amefika, njia ni njia. Wote wawili walikuwa na haki, na makelele yasingewapatanisha. Kurasa mbili ziliwapatanisha. Kwenye ukurasa wa kwanza swali lilikuwa nani anafika upesi kwa njia yoyote. Kwenye wa pili, nani anafika upesi kwa kupita kila mahali. Tulipoyatenganisha maswali, hakuna aliyedai tena kwamba mwenzake ni mwongo.

Majina nayo yalihitaji kutenganishwa. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kwa hiyo kila nyumba ina Kambale wake, na ukiandika "Kambale, dakika 9" hujaandika kitu. Daftari letu lilikuwa na Kambale wa Mama wa Mikate, Kambale Mrefu na Kambale wa Njia ya Luna. Ninayetaka kusimulia habari zake ni huyu wa tatu.

Mimi ndiye niliyeshika nafasi ya kwanza kwenye ukurasa wa kwanza: dakika 9 na sekunde 10. Nilikuwa mwandishi, mshika saa, mwamuzi na bingwa. Hakuna aliyeona ubaya, hata mimi.

Jioni moja Kambale wa Njia ya Luna alicheza kuliko tulivyowahi kumwona mtu akicheza. Hakufa hata mara moja. Alipoingia ngazi ya mwisho nilitazama simu na tumbo likanikaza. Alipita chini ya Joka, akagusa shoka, akaruka kutoka kwenye benchi na kupiga kelele: "Namaliza!" Nilibonyeza kitufe. Dakika 8 na sekunde 52. Daraja lilianza kukatika kwenye kioo, na kabla Joka hajaanguka, kabla binti mfalme hajaonekana na maandishi yake ya shukrani, jenereta ilikohoa ikazimika. Esansi ilikuwa imekwisha.

Wote walinigeukia. Nami nikasema hakumaliza.

Nilitoa sababu mbili. Ya kwanza, hatukuona maandishi. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi baadaye. Nilimwambia: "Wewe mwenyewe ulisema 'namaliza'. Hukusema 'nimemaliza'. Basi ulikuwa bado."

Wasomaji wa jarida hili waliosoma Kiswahili cha Kongo wameshaona nilichofanya. Kwa waliozoea Kiswahili sanifu, kiambishi -na- huonyesha jambo linaloendelea au la wakati uliopo, na -me- jambo lililokamilika. Lakini katika Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo, mtu akisema "Papa anatoka", mara nyingi maana yake ni kwamba baba ameshatoka, usimtafute ndani. Akitaka kusema kwamba yuko katika kutoka, atasema "Papa iko anatoka". Kambale angekuwa bado hajamaliza, angesema "niko namaliza". Alisema "namaliza", na kila mtoto kwenye benchi lile, hata wale ambao nyumbani walisema Kinande au Kilese, alisikia kwamba kazi imekwisha. Nami nilisikia hivyo. Nilizaliwa ndani ya Kiswahili hicho. Lakini daftari lilikuwa langu, rekodi ilikuwa yangu, na Kiswahili bora kilikuwa karibu mkononi kama fimbo.

Kambale hakubishana. Alinitazama, akachukua kandambili zake, akaenda. Hakurudi tena kucheza nilipokuwapo.

Mnamo Oktoba mwaka ule mauaji yalianza katika eneo la Beni, na barabara yetu ikawa barabara ya watu wenye magodoro kichwani. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, na hospitali haikuachwa. Nyumba yetu ilihamia Butembo. Daftari lilibaki, nami sikulikumbuka. Katika siku kama zile mtu hakumbuki daftari.

Nililikumbuka darasani. Mwalimu wetu wa semantiki alikuwa akifundisha mgawanyo wa vitenzi uliotolewa na Zeno Vendler mwaka 1957. Kuna vitenzi vya hali, kama kujua. Kuna vya shughuli isiyo na mwisho wake ndani, kama kutembea. Kuna vya kazi inayochukua muda na yenye mwisho, kama kujenga nyumba. Na kuna vya tukio la papo hapo, kama kufika. Kipimo kimoja ni kuuliza: ukikatizwa katikati, je, umefanya? Aliyekatizwa akitembea ametembea. Aliyekatizwa akijenga nyumba hajajenga nyumba. Tulipofika kwenye "kumaliza", mwalimu alituuliza kama kumaliza kunaweza kukatizwa. Wenzangu walijibu kwamba hakuwezi, kwa sababu ni nukta tu: kabla yake hujamaliza, baada yake umemaliza, na katikati hapana nafasi. Mimi nilikuwa nimeinama, naona kioo cheusi cha televisheni. Kwa jibu hilo, jenereta haikuweza kumkatiza Kambale katikati ya kumaliza. Ama ilizimika kabla ya nukta ile, ama baada yake. Na nukta yenyewe iko wapi, kitenzi peke yake hakisemi. Lazima watu wapatane.

Usiku ule nilitafuta wanaokimbiza Super Mario Bros. wanahesabu vipi. Muda wao unasimama Mario anapogusa shoka. Hawasubiri Joka aanguke, wala binti mfalme, wala maandishi. Hoja yake ni rahisi: baada ya shoka mchezaji hana tena la kufanya, mchezo unajiendesha wenyewe, na hakuna sababu ya kumpimia mtu muda ambao mikono yake haina kazi.

Niliendelea kusoma siku nyingi, na kila sheria niliyoikuta ilikuwa na ugomvi wa kibandani ndani yake. Wana kundi la asilimia yoyote, ambamo kinachotakiwa ni kufika mwisho tu, na katika michezo mingi kundi la asilimia 100, ambamo mchezaji lazima akusanye vyote. Hapo hapo swali linazaliwa, "vyote" ni vipi, na kila mchezo unahitaji orodha yake. Wana kundi la wasioruka dunia, ule ukurasa wetu wa pili. Wana kundi la wasiotumia kasoro za programu, na hapo wanapaswa kueleza kasoro ni nini, kwa sababu mashine haijui kosa, inatenda ilivyoandikwa. Wanatofautisha saa ya ukutani na saa ya mchezo. Pale ambapo mashine moja hupakia kurasa za mchezo upesi kuliko nyingine, wengine huondoa muda wa kupakia, ili mwenye mashine kuukuu asishindwe na pesa za mwenzake. Hutaja mashine, kwa kuwa zile za mfumo wa Ulaya zilionyesha picha 50 kwa sekunde, na za Japani na Marekani karibu 60. Hudai video, ili mwamuzi asitegemee neno la mtu.

Mambo haya si ya watoto tu. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna aliyesema hakukimbia. Hata hivyo haikuingizwa kama rekodi ya dunia, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi, na wasindikizaji walikuwa wakibadilishana kuingia na kutoka. Kabla yake, mwaka 2011, Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, wakati ambao hadi siku ile hakuna mtu aliyekuwa ameufikia katika marathoni. Nao haukuhesabiwa rekodi ya dunia, kwa sababu njia ya Boston hushuka kupita kiasi kilichoruhusiwa, na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo. Kwetu Afrika Mashariki wengi waliona wameonewa. Mimi naona tofauti moja. Masharti ya njia ya mashindano yalikuwa yameandikwa kabla Mutai hajafunga kamba za viatu, na aliyeyaandika hakuwa akishindana naye. Kambale alihukumiwa kwa sharti nililolitunga baada ya taa kuzimika, na aliyelitunga alikuwa na dakika 9 na sekunde 10.

Lugha yetu ina kitenzi kingine kinachofaa kukumbukwa hapa. "Ameshinda kwenye mchezo": amepata ushindi, au amekaa huko mchana kutwa? Mama alipowaambia jirani kwamba mwanawe ameshinda kibandani, hakuwa akinisifu. Neno ni lilelile, na maana huamuliwa na watu wanaoishi pamoja na kujua mwenzao anakusudia nini. Ndiyo maana anayesikia vizuri kisha akajifanya hakusikia hatumii sarufi. Anatumia nafasi yake.

Likizo iliyopita nilikuwa Butembo, na nikamkuta. Anaendesha pikipiki ya abiria, na jina lake limebadilika tena: wenzake wa kituoni humwita Kambale wa Eringeti. Tuliulizana habari za nyumbani kwa utaratibu, wazazi kwanza, kisha waliobaki, kisha wale ambao huulizwi bali unaambiwa. Tulipomaliza nilimweleza yote: Vendler, shoka, kiambishi. Nilisema kwamba kwa sheria za dunia nzima rekodi ilikuwa yake.

Alisikiliza mpaka mwisho, akipangusa kioo cha pembeni kwa kiganja.

"Yaya," akasema, "sheria ya leo usiipeleke jana. Siku ile daftari lilisema 'anapomaliza', basi. Haikuandikwa shoka, haikuandikwa maandishi. Ungesema 'hatujui', ningekubali. Ningerudia kesho yake."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi.

"Kwa sababu ulinisikia. Muda mimi sikuuwaza. Wewe ulinisikia vizuri, ukanijibu kama mtu wa mbali."

Sikuwa na la kujibu, nikaomba radhi. Aliipokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayepokea chenji iliyochelewa. Kisha akacheka, akaniuliza kama daftari lipo. Nikasema lilibaki kule. Nina jingine, la masomo, lilikuwa begani.

"Fungua basi ukurasa wa tatu," akasema. "Usiniweke wa kwanza, sikuona maandishi, na wewe huna ushahidi. Andika ukurasa mpya: kuran imekatika."

Niliona ameifanya, kwa neno moja, kazi ambayo mimi nimeisomea miaka mitatu. Watu wanapofanya vitu viwili vinavyofanana na visivyolingana, kumwita mmoja mwongo hakusaidii. Kinachosaidia ni kutaja kila kimoja kilivyo, na kuandika masharti yake kwa lugha ya wanaocheza, siyo kwa lugha ya anayeshika kalamu. Tangu siku hiyo, katika kazi zangu za uwandani, nikiandika tafsiri ya kiambishi chochote namrudia aliyekitamka na kumwuliza: hapo ulikuwa umeshafika, au ulikuwa njiani?

Niliandika juu ya tanki la pikipiki yake, abiria akisubiri: "Ukurasa wa 3. Kuran imekatika. Saa inasimama shoka linapoguswa. Kambale wa Njia ya Luna, dakika 8, sekunde 52." Akasoma, akarudisha kalamu, akawasha.

"Namaliza?" nikamwuliza, kwa Kiswahili cha kwetu.

"Unamaliza," akasema, akaondoka na abiria wake.